Ampu ya zamani inavuma spika zote mbili: nibadilishe kapasita zote?

Mvumo_Mzito
Wakuu, nina ampu ya stereo ya transista. Reli zake (njia za umeme wa DC, chanya na hasi) ni ±42 V, kapasita kubwa za chujio (za kulainisha umeme huo) ni mbili, 6,800 µF/50 V kila moja. Inavuma spika zote mbili sawasawa, hata kitasa cha sauti kikiwa sifuri. Chini ya kapasita moja kuna kitu cha kahawia kimeganda. Nafikiria kung'oa kapasita zote kwa mpigo, na hizo kubwa niweke 22,000 µF ili mvumo ukome kabisa. Kuna ubaya?

Rezista47
Pasi ya kulehemu isubiri kwanza. Mvumo usiofuata kitasa unaingia baada ya kitasa, na kwa kuwa chaneli zote mbili zinavuma, mshukiwa wa kwanza ni pawasaplai. Sikiliza pia mlio wenyewe. Kapasita za chujio zikichoka, mvumo huwa wa 100 Hz (120 Hz penye umeme wa 60 Hz), wenye ukali kidogo kama nyuki. Wa 50 Hz ni mzito na laini. Huo mara nyingi ni kosa la waya wa ardhi, na kapasita mpya haziuponyi.

Uthibitishe kwa mita. Iweke kwenye volti za AC, pima kati ya miguu miwili ya kila kapasita kubwa, ampu ikiwa imewaka bila muziki. Kapasita nzima itaonyesha makumi ya milivolti. Ukiona volti 1 au zaidi, imekufa. Mita nyingi za bei ya chini husoma uongo hapa kwa sababu haziizuii DC, kwa hiyo unganisha kapasita ya 0.1 µF/250 V mfululizo na ncha nyekundu.

Hicho cha kahawia huenda si uvujaji, ni gundi ya kiwandani. Hata hivyo ikwangue yote: ikizeeka hupitisha umeme na kula miguu ya vipuri vya jirani.

Mvumo_Mzito
Reli chanya 1.3 V, reli hasi 0.04 V. Gundi nimeikwangua.

Rezista47
Basi ni ya reli chanya. Badilisha zote mbili, maana zina umri mmoja. 22,000 µF hapana. Kapasita kubwa kupita kiasi hunywa mkondo mkali sana unapowasha, daiodi na fyuzi ndizo zinazoumia, na mipigo mikali ya kuchaji huongeza kelele ya transfoma. 8,200 au 10,000 µF, 63 V, 105 °C inatosha. Kabla ya kununua pima kipenyo na nafasi kati ya miguu. Hapo ndipo watu hukwama.

Kabla ya kugusa chochote chomoa plagi (swichi ikizimwa tu, waya wa laivu bado uko ndani), kisha toa chaji kwa rezista ya kilo-omu 1, wati 5. Ishikilie sekunde 40 kwenye kila kapasita, halafu hakikisha kwa mita. Wanaopiga shoti kwa bisibisi wanaharibu kapasita na bisibisi pia.

Kapasita ndogo badilisha moja moja, si kwa mpigo. Piga picha kwanza: mstari kwenye kapasita huonyesha hasi, ila bodi nyingine zimechapwa alama ya chanya, na ukichanganya hapo kapasita itapasuka. Transista ziache, hazizeeki kama kapasita.

Fundi_Milivolti
Naongezea kuhusu kuwasha mara ya kwanza baada ya kubadilisha. Unganisha balbu ya uzi ya wati 60 mfululizo na waya wa laivu (ya LED haifai), spika zikiwa zimechomolewa. Inatakiwa iwake kidogo kisha ififie. Ikibaki inang'aa, zima, kuna shoti au kapasita imegeuzwa.

Ikififia, pima DC kwenye matokeo ya spika. Chini ya 50 mV ni salama. Ikipita 100 mV usiunganishe spika.

Bayasi (mkondo mdogo unaopita kwenye transista za mwisho hata bila muziki) usiirekebishe kupitia balbu, kwa kuwa reli zinakuwa chini na kipimo kitakudanganya. Ondoa balbu, sauti sifuri, subiri dakika 20, kisha pima milivolti juu ya rezista ya emita ya transista za mwisho. Kwenye 0.22 Ω, 10 mV ni takriban 45 mA. Fuata namba ya kitabu cha ufundi cha ampu hiyo, usibuni.

Kitrima cha bayasi (rezista ndogo ya kuzungusha ya kuirekebisha) kikiwa cha wazi chenye vumbi, kibadilishe kabisa. Katika saketi nyingi mguu wa kati ukipoteza mguso, bayasi hupanda hadi mwisho na transista huungua kabla hujafika kwenye swichi.