Kikundi cha Ukoo wa Mikindani: ndege wa Mwanahawa

Mwanahawa: Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Nitatua Mtwara tarehe 18 Desemba kwa ajili ya harusi ya Somoe, na bustani yangu hapa Edinburgh itabaki bila mtu hadi baada ya mwaka mpya. Namwomba Rashidi wa Hamisi, kwa kuwa anasoma mji huu huu, aje kila asubuhi kuwalisha ndege, kwa sababu mchana wa Desemba huku una urefu wa saa saba tu, na ndege wa gramu kumi hivi huweza kuunguza kwa usiku mmoja wa baridi karibu akiba yote ya mafuta aliyojipatia mchana.

Mwanahawa: Rashidi, naona umesoma.

Mwanahawa: Chakula ni mbegu za alizeti, mafuta magumu ya ng'ombe, na karanga zisizo na chumvi ndani ya kikapu cha waya. Mabaki ya mafuta ya kukaangia asiwawekee, kwani hugandia kwenye manyoya, na manyoya yaliyoshikana hayazuii baridi.

Hamisi: Kuku wa Mikindani wanajitafutia wenyewe. Nitume na gunia la korosho?

Mama Somoe: Korosho kwa bei hii? Afadhali hao ndege waje huku, nauli hawalipi.

Mwanahawa: Wapo wanaokuja, Mama Somoe. Baadhi ya mbayuwayu mnaowaona kwenye nyaya za umeme miezi hii wametoka Ulaya. Ninaowasemea mimi ni wale wanaobaki.

Tatu: Dada, unawakabidhi watu wa nyumba ya Kaka Hamisi ndege wako, baada ya wale njiwa wa Mjomba kumfia?

Hamisi: Jambo lile lilikwisha. Nilikwenda Masasi, sikuhama nchi.

Tatu: Lilikwisha kwako.

Mwanahawa: Naomba tusitoke kwenye hoja. Kile kisanduku cha mbao ukutani kisiondolewe, maana ndani yake hulala vile vindege vya kahawia vyenye mkia uliosimama, ambavyo hubanana ili kupeana joto. Mwaka 1969 huko Norfolk, Uingereza, walihesabiwa 61 ndani ya kisanduku kimoja.

Mama Somoe: Hiyo ndiyo nyumba yangu wiki ya harusi.

Mjomba: Nimesoma yote. Njiwa wangu hawakufa kwa njaa, kwani mtama ulikuwapo hadi siku niliyorudi. Mtungi ndio uliokuwa mkavu. Mwanahawa, huko maji yakiganda, hao ndege wanakunywa nini?

Hamisi: Shikamoo Mjomba.

Mwanahawa: Shikamoo Mjomba. Beseni lao halina kina, na kila asubuhi barafu yake huyeyushwa kwa maji ya vuguvugu. Chumvi haitiwi, wala ile dawa ya magari ya kuzuia kuganda, kwa sababu ni sumu. Huwa naelesha pia mpira mdogo, ili upepo ukiusukuma maji yachelewe kuganda.

Rashidi: Shikamooni nyote, nilikuwa kazini. Shangazi, nitakwenda, ila Jumamosi na Jumapili nina zamu tangu alfajiri hadi usiku. Je, Ijumaa naweza kuweka vya siku zote tatu?

Mwanahawa: Chakula kinaweza kukaa. Maji yataganda usiku huo huo.

Mjomba: Rashidi, kama huwezi, sema sasa kabla shangazi yako hajakata tiketi.

Mwanahawa: Nimekwisha kukata, Mjomba.

Rashidi: Ufunguo nitauchukua kwa nani?

Mwanahawa: Nijibu kwanza kuhusu Jumamosi.