Enjelifishi wananyofolewa mapezi: niongeze babi au niwatoe?

Habari zenu wakuu, naomba ushauri.

Nina tangi la samaki wa mapambo la lita 120, lina miezi 8. Ndani wamo enjelifishi 2, babi wa milia (Puntigrus tetrazona, samaki wadogo wachangamfu) 4 na koridorasi (samaki wadogo wa chini ya tangi) 5. Joto nyuzi 26, na vipimo vya uchafu kwenye maji ni amonia 0, nitriti 0, nitrati haivuki miligramu 20 kwa lita.

Hii ni wiki ya pili enjeli wanaharibika mapezi. Yale ya tumboni, marefu kama nyuzi, kwa mmoja yamebaki nusu. Mkia una mapengo ya nusu duara, kama karatasi iliyong'atwa. Kingo ni safi, hazina weupe wala utando, ndiyo maana sidhani kama ni ugonjwa wa kuoza mapezi. Babi nimewaona wakiwavizia kwa nyuma, hasa kabla ya chakula.

Nimebadilisha maji asilimia 30 kila siku ya tatu, nikapanga upya mawe na mimea, na chakula nakigawa mara mbili kwa siku. Walitulia siku nne, kisha wakaanza tena. Chumvi ya kutibu sijatia, nahofia itawadhuru koridorasi.

Naomba kujua: babi wakifika 8 au 10 watashughulikiana wenyewe na kuwaacha enjeli, au kwa lita 120 nitajaza tangi bure, bora niwahamishe? Na mapezi yaliyokwisha kukatika, maji safi yanatosha kuyaotesha au nianze dawa ya bakteria mapema? Enjeli hawa nawapenda mno, sitaki kukosea.