Dada yangu kahukumiwa miaka mitatu, mliopita gereza la wanawake nisaidieni

Mdogo_Mtu:
Wadau habari za muda huu. Naombeni mnisaidie bila kunisema mana ndugu washasema vya kutosha. Dada yangu mkubwa kapigwa miaka mitatu wiki iliyopita, tulikuwa mahakamani tunategemea faini au kifungo cha nje tukashtukia askari wanamshika mkono wanaondoka naye, hata kuagana hatukuagana, mkoba kaniachia mimi na funguo za nyumba na mtoto wa miaka sita ambaye mpaka leo tunamwambia mama kasafiri. Tangu siku hiyo kimya. Nikipiga gerezani naambiwa subiri. Huko ndani siku inaendaje, wanakaa tu au kuna vitu wanafanya? Barua zinafika kweli? Na huyu mtoto nimpeleke akamwone mama yake au nimwache mpaka atoke? Samahani kwa maneno mengi, usingizi sina.

NimetokaSalama:
Pole sana mdogo wangu. Mimi nilikaa miaka minne kasoro, nimetoka huu mwaka wa pili. Kimya cha mwanzo kisikutishe. Ukifika unaandikishwa, unapewa namba, unapimwa afya, nguo zako zinaingia kwenye mfuko unasaini unapewa sare, halafu unakaa na wageni wenzio mpaka upangiwe pa kulala. Kichwa kinakuwa hakipo kabisa, mimi hata namba ya simu ya mama yangu niliisahau.

Siku inaanza alfajiri kwa hesabu. Hesabu ndo saa ya gerezani, asubuhi mnahesabiwa, mchana mnahesabiwa, jioni kabla ya kufungiwa mnahesabiwa tena, na idadi isipotimia hasogei mtu. Siku moja tulisimama mpaka miguu ikafa ganzi kumbe mwenzetu yuko zahanati na karani kasahau kumwandika 😅. Baada ya hapo kila mtu na zamu yake, usafi, jikoni, bustani au karakana. Jioni mnafungiwa jua bado linaonekana, na hapo ndo usiku mrefu unaanza, yaani mrefu haswa. Taa ya kwetu ilikuwa haizimwi, nilizoea kulala na kitambaa usoni, nimerudi nyumbani wiki nzima nashindwa kulala gizani.

Mwambie aombe kazi au darasa mapema asikae bure, mawazo yanaua. Mimi niliingia hata kutunga uzi kwenye sindano sijui. Mwalimu wetu wa ushonaji alikuwa mfungwa mwenzetu wa kifungo kirefu, mshono ukipinda hakugombezi, anakaa anafumua wote mbele yako taratibu halafu anakurudishia kitambaa. Nilimchukia yule mama! Leo nakula kwa cherehani. Kuna waliojifunza kusoma humohumo, wengine saluni, kompyuta, vikundi vya ushauri nasaha, inategemea na gereza. Ila nafasi hazitoshi, kuna foleni, na mwenye kifungo kifupi anaweza kutoka zamu yake haijafika. Ndo mana nasema aombe sasa.

Kipusa77:
Barua karne hii?? Tafuta askari muelewane, apelekewe kasimu kadogo mnachati fresh

NimetokaSalama:
@Kipusa77 usimponze mtoto wa watu. Simu ikikamatwa anaadhibiwa yeye, anaweza kupoteza siku za msamaha alizojipatia kwa nidhamu, anaweza kufunguliwa kesi mpya juu ya ile, na aliyeipeleka pia anatafutwa. Kuna dada alikuwa amebakiza mwezi mmoja, begi keshapanga kichwani, simu ikamrudisha nyuma. Sitasahau alivyolia.

Ustawi_Mstaafu:
Nimefanya kazi ya ustawi magerezani miaka mingi, niongeze kidogo. Ukipiga simu usiseme tu "namtafuta dada yangu". Omba uongee na afisa ustawi, taja majina kamili kama yalivyosomwa mahakamani na tarehe ya hukumu, uliza namba yake ya mfungwa na uiandike mahali. Bila namba barua inazunguka. Uliza pia siku za kutembelea, vitambulisho vinavyotakiwa, kama wageni wanaandikishwa kabla, na mtoto anahitaji karatasi gani.

Na ujue huombi hisani. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa (2015), kanuni ya 68, zinasema mfungwa apewe nafasi ya kuijulisha familia mara moja kwamba yuko wapi, hata akihamishwa. Kanuni za Bangkok za 2010, nazo za Umoja wa Mataifa, zenyewe ziliandikwa kwa ajili ya wafungwa wanawake, ya 23 inakataza kumnyima mfungwa mawasiliano na familia kama adhabu, hasa na watoto, na ya 28 inataka mtoto akimtembelea mama waweze kugusana na mazingira yasimtishe. Utekelezaji ndo huo mnaoujua, lakini ukizitaja kwa adabu afisa anajua anaongea na mtu anayefuatilia.

Barua zinasomwa, kwa hiyo mambo ya kesi mwachie wakili. Na kila barua ipe namba juu, 1, 2, 3, akipokea ya 4 hajaiona ya 3 anajua kuna iliyokwama, hatawaza kwamba mmemtupa.

Binti_wa_Mama:
Mimi ndo nilikuwa huyo mtoto. Nilikuwa na miaka saba, nikaambiwa mama yuko masomoni, ukweli nikaupata shuleni kwa mwenzangu tukigombana, mbele ya darasa zima. Hilo sijalisamehe vizuri mpaka leo. Mwambieni nyie kabla hajaambiwa na wengine.

Mara ya kwanza kumwona kulikuwa na kioo katikati, nilikuwa nimeng'oka jino la mbele, nikabandika mdomo kwenye kioo aone pengo, askari akacheka, mama akacheka huku machozi yanatoka. Kurudi nilitapika njia nzima, sikufichi. Ila nilitaka kwenda tena. Kilichotubeba ni barua, alikuwa ananiandikia hesabu kumi, nazifanya narudisha, wiki mbili baadaye zinakuja zimesahihishwa, tiki na mikasi, na "rudia namba 7".

Halafu usiahidi siku ambayo huna uhakika nayo. Mama alikuwa anajiandaa tangu asubuhi, asiyetokea hajui alichofanya.

Mdogo_Mtu:
Asanteni mno, nimesoma nalia ofisini. Leo nimempata afisa ustawi, namba ninayo, kumbe dada aliandika barua siku ya pili ikaenda anwani ya zamani tulikohama!! Kwenda kumwona ni Jumamosi.

Mtoto nimemwambia jana usiku. Kanyamaza weee, halafu kaniuliza huko mama analala na taa? Nikamwambia taa nasikia haizimwi. Akasema afadhali, mama anaogopa giza. Sasa kachukua daftari anataka nimwandikie anwani, hesabu anatunga yeye, eti mama ndo azifanye.