Tupeane uzoefu: mimea ya tangi la samaki inayokua kwa fujo, huku Kusini mnaikataje?

Wadau, habari za muda huu. Kila siku naona watu wanauliza mbolea gani, taa gani, ili mimea ya tangi ikue. Kwa joto letu la Mtwara na Lindi, kukua si shida. Shida ni pale unapokaa sebuleni na mgeni anauliza samaki wako wapi. Kwa hiyo hapa tuongelee mkasi tu.

Naanza mimi, nipo Shangani ya hapa Mtwara. Nina mimea ya shina, haigrofila na ludwigia. Kabla ya kukata nazima filta, maana vipande vinavyoelea vinanyonywa na kuziba pampu. Kisha nakata shina juu kidogo ya kifundo, pale majani yanapotokea. Kile kichwa nakipukuchua majani ya chini na kukichomeka kwenye changarawe, vifundo viwili vizame, mizizi inatokea hapo hapo. Kisiki kilichobaki mara nyingi kinatoa machipukizi mawili, ndiyo maana ukikata mara kwa mara kichaka kinanenepa badala ya kurefuka. Ila visiki navyo vinazeeka. Ukiona shina la chini limebaki tupu kwa kukosa mwanga, ling'oe, panda vichwa vipya.

Na msifyeke tangi zima siku moja. Mimea ndiyo inayokula amonia na naitreti zitokanazo na uchafu wa samaki. Ukiiondoa yote kwa mpigo, chakula hicho kinabaki kwa ule ukijani wa kwenye kioo. Mimi nakata upande mmoja, mwingine unasubiri, halafu nabadilisha maji kidogo kuondoa majani yaliyokatika.

Haya, mwageni yenu.

Mdau, Lindi mjini: Mkuu, hiyo ya shina sawa, lakini asije mtu akaipeleka kwenye valisneria, ile yenye majani marefu kama utepe. Ukiikata juu, ncha inageuka kahawia na mara nyingi jani zima linaoza. Mimi jani likizidi urefu nalitoa lote tangu kitakoni. Halafu yenyewe inatambaa: inatoa kikonyo juu ya changarawe, mbele kidogo mtoto, mbele tena mtoto. Nasubiri mtoto awe na mizizi yake ndipo namkata na mama yake. Maji ya kisima chetu yana chumvi chumvi na valisneria haijali kabisa. Mingine niliyojaribu imegoma.

Mwalimu, Mikindani: Kuhusu kugoma, angalieni na mapambo. Huku pwani kila mtu anaokota jiwe la matumbawe na makombe ufukweni anaweka tangini, linapendeza kweli. Lile ni chokaa, linayeyuka polepole na maji yanakuwa magumu. Dondoshea jiwe siki: likitoa vipovu, ujue ni lenyewe. Kwa valisneria si neno. Kwa mimea laini ya shina utahangaika na mbolea bure wakati ugomvi uko kwenye jiwe.

Mama wa Chikongola: Mimi nilifurahia msitu wangu mpaka umeme ulipokatika usiku kucha. Alfajiri nawasha tochi, samaki wote wako juu, midomo nje, wanatweta. Mimea mizima, mibichi, imejaa hadi juu! Nikawa sielewi, si tunaambiwa mimea inatoa oksijeni?

Mwalimu, Mikindani: Inatoa kukiwa na mwanga, dada. Giza likiingia nayo inavuta oksijeni kama samaki. Na maji ya moto yanabeba kidogo: ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 ni 7 na nusu hivi. Sasa pampu imezimika, joto la usiku wa Mtwara unalijua, msitu umejaa, na ile inayoelea imefunika uso wa maji hewa isiingie. Punguza ya juu kwanza, angalau nusu ya uso iwe wazi.

Mama wa Chikongola: Ndicho nilichofanya, nikachota ya juu yote na kununua kipampu cha hewa cha betri. Umeme ukikatika sasa nakiwasha, nalala.

Mdau wa maabara, kituo cha afya: Wanaochukua mimea mabwawani na mitoni, naomba mnisikilize. Kichocho kipo mikoa yetu yote miwili, na konokono wake hukaa kwenye majani hayo hayo. Vijidudu vinapenya ngozi nzima, havihitaji kidonda. Kuiloweka mimea ndooni na kungoja hakutoshi, maana konokono mzima anaendelea kuvimwaga. Mimi sichukui ya bwawani kabisa, naomba vipande kwa mwenye tangi.

Mgeni, Mtwara: Honwoti yangu, ule mmea wa majini wenye majani kama sindano, imepukutika vijisindano vyote siku chache baada ya kuinunua. Nimeichimbia vizuri tu.

Mdau, Lindi mjini: Hiyo haina mizizi, usiizike. Kupukutika mara nyingi ni kubadilishiwa maji na mwanga ghafla. Tupa iliyooza, acha kipande chenye ncha ya kijani kielee. Ikishazoea, utarudi hapa kuuliza jinsi ya kuipunguza, hahaha.

Mwanzisha mada: Na iliyokatwa mnapeleka wapi? Mimi naanika juani hadi ikauke kau, kisha inaingia kwenye mchicha. Mtaroni sitii hata jani, mvua ikija mtaro unaenda kwenye maji ya watu. Gugu maji la Ziwa Victoria asili yake Amerika ya Kusini, halikutembea kwa miguu.

Mdau, Masasi: Jamani msikaushe yote. Huku kipande cha valisneria nakipata wapi?

Mdau, Lindi mjini: Ninao watoto wengi, nakupa bure, nauli ya mzigo juu yako. Nitaviringisha mizizi kwa gazeti lililoloa, niweke kwenye kopo la mfuniko, nimpe kondakta wa basi la asubuhi. Mwambie asiliweke juu ya injini. Ukilipokea kopo, watoe watoto na kuwapanda siku hiyo hiyo, na kitako kisizame kwenye changarawe, mizizi tu.