Ndege za kivita 96 kwa raia laki tatu: Qatar imejenga jeshi la anga au imekata bima?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili hoja moja tu. Je, Qatar ilikosea ilipoamua, ndani ya miaka michache, kununua ndege za kivita za aina tatu kutoka nchi tatu tofauti? Msimamo wangu ni kwamba kwa kipimo cha kijeshi uamuzi ule ulikuwa mbaya, ilhali kwa kipimo cha siasa ulikuwa wa busara, angalau hadi tarehe 9 Septemba 2025.

Tuanzie mbali kidogo, maana wengi hulizungumzia jeshi hilo kana kwamba lilizaliwa jana. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla ya uhuru wa Septemba 1971, Qatar ilikuwa na helikopta chache za Kiingereza chini ya jeshi lake la usalama. Zikafuata ndege za kivita za Hunter, nazo za Kiingereza, ambazo zingeweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 1974 likapatikana jina la Jeshi la Anga la Amiri, na baadaye nchi ikaigeukia Ufaransa: Alpha Jet sita, kisha Mirage F1, ambazo zilishiriki katika vita vya kuikomboa Kuwait mwaka 1991, na hatimaye Mirage 2000-5 kumi na mbili zilizoagizwa mwaka 1994 na kuanza kuwasili mwaka 1997. Mirage F1 zikauzwa Hispania. Kwa takriban miaka ishirini, basi, ulinzi wa anga wa nchi yenye moja ya akiba kubwa za gesi duniani ulitegemea ndege kumi na mbili.

Wakati huohuo, mwaka 1996, nchi hiyo ilijenga uwanja wa kijeshi wa Al Udeid kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni moja. Mtu hajengi zizi la ukubwa ule kwa ajili ya mbuzi kumi na wawili. Uwanja ulijengwa kwa ajili ya mgeni, na mgeni alikuja: Wamarekani walipohamisha shughuli zao za anga kutoka Saudi Arabia mwaka 2003, walihamia hapo, na kambi hiyo ndiyo kubwa kuliko zote walizo nazo Mashariki ya Kati.

Sasa tazameni tarehe, kwa sababu hoja yangu imo ndani yake. Mkataba wa Rafale 24 na Ufaransa ulitiwa saini Mei 2015. Tarehe 5 Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano na Qatar na kuifungia njia za anga, ardhi na bahari. Siku iliyofuata Rais Trump aliandika mtandaoni maneno ya kuunga mkono hatua hiyo. Tarehe 14 Juni, siku tisa baada ya mzingiro kuanza, Waziri wa Ulinzi wa Qatar, Khalid Al Attiyah, alikuwa Washington akitia saini makubaliano ya kununua F-15 zipatazo 36 kwa dola bilioni 12. Tarehe 7 Desemba, Rais Macron akiwa Doha, Qatar iliongeza Rafale 12. Siku tatu baadaye ilisaini na Uingereza mkataba wa Typhoon 24, ambao baadaye ulijumuisha pia Hawk tisa za mafunzo. Jumla yake ni ndege za kivita 96, mara nane ya zile za awali, na sehemu kubwa ilikubaliwa ndani ya miezi sita.

Jeshi linalopanga mahitaji yake kwa utulivu halinunui hivyo. Huchagua ndege moja, pengine mbili, kisha hulea marubani na mafundi wake kwa miaka. Qatar ilikuwa inanunua miji mikuu mitatu, Washington, Paris na London, ili kila mmoja uwe na sababu ya kibiashara ya kutotaka Doha ianguke. Mzingiro ulikwisha Januari 2021 bila risasi kufyatuliwa, na sitambishia anayesema kwamba bima ililipa.

Lakini ikaja Septemba 2025. Israeli ilishambulia jengo mjini Doha ikiwalenga viongozi wa Hamas waliokuwa katika mazungumzo ya kusitisha vita, na watu sita waliuawa, mmoja wao askari wa usalama wa Qatar. Waziri Mkuu wa Qatar alisema silaha zilizotumika hazikuonekana kwenye rada, na kwamba Wamarekani walitoa taarifa dakika kumi baada ya shambulio. Ndege hizo zilikuwapo, na kambi kubwa ya rafiki ilikuwapo. Je, tuseme nini hapo?

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu mtoa mada, umeipanga hoja vizuri, ila naona umelidharau jeshi lenyewe. Jeshi la wanahewa, kama tuliitavyo huku Kenya, halipimwi kwa siku moja ambayo lilishindwa kuzuia shambulio la kushtukiza kutoka kwa mtu ambaye hakudhaniwa kuwa adui.

Nikukumbushe kwamba Machi 2011, Umoja wa Mataifa ulipoidhinisha marufuku ya ndege kuruka juu ya Libya, Qatar ilipeleka Mirage zake Souda Bay, kisiwani Krete, na ikawa nchi ya kwanza ya Kiarabu kurusha ndege katika operesheni ile. Hizo ni Mirage zilezile kumi na mbili ulizozifananisha na mbuzi. Iwapo kazi ile ilileta heri kwa Walibya ni mjadala mwingine, lakini huwezi kusema marubani wale walikuwa pambo.

La pili ni Kuwait. Tarehe 2 Agosti 1990 jeshi la Saddam Hussein lilivuka mpaka, na katika muda wa saa chache nchi ilikuwa imekwenda. Baadhi ya marubani wa Kuwait walipigana siku ileile kwa Skyhawk na Mirage, kisha wakakimbilia Saudi Arabia na ndege zao, na mwaka 1991 wakarudi kushambulia wakiwa na ndege hizohizo. Nchi ndogo haiwezi kumshinda jirani mkubwa peke yake; hilo sote tunalijua. Inachohitaji ni kumchelewesha, na kubaki na kitu cha serikali yake kinachoruka hata ardhi ikiwa imetekwa. Kuwait yenyewe haikujifunza kupunguza ndege. Iliagiza Typhoon 28 mwaka 2016, kisha Super Hornet 28 kutoka Marekani. Kama Qatar imekosea, basi Ghuba nzima imekosea pamoja nayo, na mimi sioni wazee wale wote kuwa wajinga.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Mimi ni fundi wa ndege za abiria, kwa hiyo nitasema la ufundi na kuwaachia siasa wenyewe. Rafale inaendeshwa na injini za M88, F-15 za Qatar zina F110, na Typhoon ina EJ200. Hizo ni injini tatu zisizoshirikiana kipuri hata kimoja cha maana, zenye vitabu vitatu vya matengenezo, na mashine za kupimia za aina tatu. Kwetu fundi aliyesomea aina moja ya ndege haruhusiwi kutia saini kazi ya aina nyingine mpaka akasome upya, na sidhani kama jeshini mambo ni mepesi zaidi.

Mbali na hayo, F-15 hizo zina viti viwili, rubani mbele na afisa wa silaha nyuma. Kwa hesabu ya wafanyakazi wa zamu moja tu kwa kila ndege, unahitaji watu 72 kwa F-15 na wasiopungua 60 kwa Rafale na Typhoon, yaani 132, na hakuna jeshi linalotaka kubaki na zamu moja. Mafundi wa ardhini huwazidi marubani kwa mbali. Watu hao unawatoa wapi katika taifa ambalo raia wake hawajazi hata wilaya moja kubwa ya Dar es Salaam? Aliyenunua alilijua hilo, ndiyo maana mikataba ilikuja na walimu ndani yake.

Mchangiaji kutoka Muscat

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Muscat, na mimi ni wa zile familia zilizorejea Oman kutoka Unguja baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Wengi wa wazee wetu waliingia katika idara za serikali mpya, wengine polisi na jeshini, kwa hiyo habari hizi zilikuwa za barazani kabla hazijawa za magazeti.

Jeshi la anga la Oman lilianzishwa mwaka 1959 kwa msaada wa Waingereza, mara tu baada ya vita vya Jebel Akhdar, kwa ndege ndogo za propela. Likakomaa katika vita vya Dhofar, yaani uasi wa milima ya kusini mwa Oman. Kuna siku moja ambayo ni somo kwa mjadala huu, tarehe 19 Julai 1972, wapiganaji walipoushambulia mji wa Mirbat. Ulikuwa msimu wa kharifu, ukungu na mawingu yameshuka karibu na ardhi, na mshambuliaji alitarajia kwamba ndege hazitaruka. Strikemaster zikatoka Salalah, zikapita chini ya mawingu, na zilichangia sana kuuokoa mji ule. Ndege hiyo asili yake ni ya mafunzo, wala si ghali. Iliyofaa siku ile ilikuwa ndege iliyokuwa karibu na iliyozoea milima ile, ikiwa na rubani anayeyajua mawingu ya Dhofar.

Sitaki kujisifu bila haki, kwa sababu marubani wengi wa zama hizo walikuwa Waingereza, na Hunter tulizopata mwaka 1975 zilikuwa zawadi ya Mfalme Hussein wa Jordan. Nasi tulikopa mikono ya watu. Tofauti ni kwamba Oman ilikwenda pole: Jaguar mwaka 1977, F-16 kumi na mbili zilizoagizwa 2002 na nyingine kumi na mbili mwishoni mwa 2011, kisha Typhoon kumi na mbili zilizoagizwa 2012 na kufika 2017. Katikati ya hatua hizo vijana wa Kiomani walipata muda wa kupanda vyeo. Qatar ilikuwa na fedha za kununua kila kitu isipokuwa miaka ishirini.

Namwambia ndugu yangu wa Mombasa kwamba wazee wa Ghuba si wajinga, lakini pia hawakuwa wakiogopa kitu kimoja. Sisi tuliogopa uasi wa milimani. Kuwait ikaogopa kuvamiwa tena. Qatar, mwaka 2017, iliogopa ndugu zake. Hata kabla ya hapo ilikuwa na ugomvi wa miaka mingi na Bahrain juu ya visiwa vya Hawar, mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa hukumu mwaka 2001. Anayeogopa aliyelala naye chumba kimoja hununua vitu kwa namna ambayo jirani wa mbali haielewi.

Mtoa mada

Nawashukuru. Neno la Mombasa kuhusu Libya nalikubali, na mfano wa mbuzi naufuta, ingawa ulinifurahisha nilipouandika. La Kuwait silikubali lote. Marubani wale walipata pa kukimbilia kwa sababu Saudi Arabia iliwafungulia milango. Mwaka 2017 milango iliyofungwa ilikuwa hiyohiyo, na Qatar ina mpaka wa nchi kavu na Saudi Arabia peke yake. Peninsula ile ina urefu wa kilomita zipatazo 160, yaani ndege iendayo kwa kasi ya kawaida tu huimaliza kwa dakika kumi. Ndege 96 zikikusanyika katika viwanja vichache kwenye eneo kama hilo, zenyewe huwa shabaha.

Ndiyo maana naona jambo la maana kuliko yote katika mpango wa Qatar ni lile linalotajwa kidogo, yaani kuwaweka watu wake ugenini. Kuna kikosi cha pamoja cha Typhoon na Waingereza, Kikosi cha 12, kilichokuwa na makao yake Coningsby na kilichosaidia kulinda anga wakati wa Kombe la Dunia la 2022. Kuna kingine cha Hawk huko Leeming. Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba marubani wa F-15 watakuwa na kituo chao katika kambi ya Mountain Home, jimboni Idaho. Wakosoaji huko Marekani walilalamika kwamba nchi ya kigeni inapewa kambi. Mimi niliisoma kinyume: nchi isiyo na anga ya kutosha kujifunzia imepata anga ya kukodi.

Kuhusu Septemba 2025, Qatar haikujibu kwa ndege yoyote kati ya zile 96. Ilijibu kwa simu, mikutano na wanasheria, na kabla ya wiki nne kwisha ikapata amri ya Rais wa Marekani inayosema kwamba shambulio la silaha dhidi ya Qatar litahesabiwa kuwa tishio kwa amani na usalama wa Marekani. Bima iliongezwa masharti mapya baada ya nyumba kuungua. Mnaweza kuita huo ushindi. Mimi naona ni uthibitisho kwamba ndege hazikuwa zimenunuliwa ili ziruke siku kama ile. Naomba fundi wetu aseme: kama ungeambiwa upunguze aina moja, ungeondoa ipi?

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Ningeondoa Typhoon. Ndizo chache kuliko nyingine, na kazi zake nyingi Rafale inazifanya. Naona sikuwa wa kwanza kuifikiria hesabu hiyo, kwa sababu Oktoba 2025 Uturuki ilitangaza kwamba inapanga kununua Typhoon kumi na mbili kutoka Qatar, na nyingine kumi na mbili kutoka Oman. Kwa hiyo ndugu wa Muscat naye ajiandae kutueleza kwa nini hata waliokwenda pole wanauza.

Mchangiaji kutoka Muscat

Nitawauliza wazee barazani, kisha nitarudi. Jibu langu mwenyewe ni kwamba Uturuki ilikuwa na haraka na muuzaji hakuwa na haraka, na katika soko lolote huyo wa pili ndiye anayepanga bei.