Colorado: walianza na magazini ya risasi 15, sasa wanataka nikapige hodi kwa sherifu kuomba ruhusa ya kununua bunduki

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi. Nilitakiwa niwe nimelala, lakini usingizi umekata. Muswada wa bunduki wa jimbo letu, SB25-003, nimeusoma kwa mara ya tatu sasa na damu inanichemka. Naandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu Denver na viunga vyake tumejaa, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, na wengi wetu hatuna habari na kinachopikwa ndani ya lile jengo la bunge la jimbo lenye kuba la dhahabu.

Kwa ambao hawajui tulikotoka. Tangu 1 Julai 2013 jimbo hili limekataza kununua, kuuza au kumiliki magazini inayobeba risasi zaidi ya 15. Aliyetia sahihi ni gavana wa wakati huo, John Hickenlooper. Waliokuwa nazo kabla ya siku ile waliachiwa. Watu walipinga sana. Masherifu, yaani wakuu wa polisi wa kaunti, zaidi ya 50 kati ya 62 waliochaguliwa na wananchi, walikwenda mahakamani wakasema sheria haitekelezeki, wakashindwa. Kampuni ya Magpul, iliyokuwa ikitengeneza magazini pale Erie, ilifungasha ikahamia Wyoming na Texas, na ajira zikaenda nayo. Maseneta wawili wa jimbo, John Morse na Angela Giron, wananchi waliwang'oa kwa kura Septemba ile ile, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea Colorado. Sheria ikabaki. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo nayo ikasema ni halali.

Sawa. Tukaishi nayo. Mimi nimeifuata miaka yote niliyokaa hapa. Bastola yangu ina magazini za 15 na sijawahi kuvuka mpaka kufuata kubwa zaidi, ingawa kutoka kwangu hadi Wyoming ni mwendo wa saa moja na nusu na kule hakuna kikomo chochote. Nimefuata kwa sababu niliapa kufuata sheria za nchi hii, na kwa sababu mgeni akikosea hukumu yake huwa na uzito mwingine. Nitarudi hapo.

Sasa wamekuja na hili. Mwanzoni muswada ulitaka kufuta kabisa uuzaji wa bunduki za kujikoki zenye magazini ya kuchomoa. AR-15 imo, AK imo, na bastola zinazojikoki kwa gesi zimo. Hoja yao ni kwamba ile sheria ya 2013 inakwepwa, kwamba kuna maduka yanauza magazini kubwa zikiwa vipande vipande unaunga mwenyewe nyumbani, kwa hiyo dawa ni kuzuia bunduki inayoipokea hiyo magazini. Yaani mtu anayekwepa sheria yupo, anajulikana anakwepea wapi, halafu anayeadhibiwa ni mimi ambaye sijakwepa!

Makelele yalipozidi, Seneti ikafungua kidirisha. Bunduki hizo utaweza kununua, lakini kwanza uende kwa sherifu wa kaunti yako akuchunguze akupe kadi, kisha ukae darasani saa 12, ana kwa ana, kwa siku zisizopungua mbili, ufanye mtihani upate asilimia 90. Mwenye cheti cha mafunzo ya uwindaji atakaa saa 4. Kadi ina mwisho wake, miaka mitano. Jina lako linaingia kwenye kumbukumbu za jimbo. Na ukikutwa na magazini ya zaidi ya 15, kosa linapanda kutoka daraja la pili hadi daraja la kwanza, ambalo kifungo chake kinafika siku 364. Seneti ilipitisha 18 Februari 2025, kura 19 kwa 15. Baraza la Wawakilishi, ambako Wademokrati walikuwa na viti 43 kati ya 65, nalo likapitisha. Gavana Jared Polis akausaini 10 Aprili 2025, na tarehe yake ya kuanza kazi ikawekwa 1 Agosti 2026.

Nataka mtu anieleze mfanyakazi wa usiku anazipata wapi hizo siku mbili. Mimi nafanya kazi mbili. Mke wangu analea wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu zake zinabadilika kila wiki. Kukaa darasani siku mbili ni siku mbili bila mshahara, nje ya ada ya mwalimu, nje ya ada ya sherifu. Na hizo zinakuja juu ya mzigo uliopo. Tangu Oktoba 2023 ukinunua bunduki unasubiri siku tatu tangu muuzaji aanze kukuchunguza ndipo ukabidhiwe. Tangu 1 Aprili 2025 kuna kodi ya asilimia 6.5 kwa bunduki na risasi. Mwenye pesa, mwenye ofisi, mwenye likizo ya kulipwa, atakwenda darasani akiwa na kahawa mkononi na atapata kadi yake. Dereva wa lori, dada wa usafi wa hoteli, kijana wa ghalani, hao ndio watakaoshindwa. Na hao ndio wanaoishi kwenye mitaa ambayo risasi zinalia usiku.

Najua kuna wadau nyumbani watasema, wewe Mbongo bunduki ya nini, si uache Wamarekani na mambo yao. Nawajibu kwa heshima. Miaka minne iliyopita walivunja mlango wa nyumba tuliyopanga, saa tisa usiku, mimi nikiwa kazini. Mke wangu alijifungia bafuni na watoto wawili, akapiga simu ya dharura. Waliopaswa kuja walifika baada ya dakika 40. Dakika arobaini, wakuu. Alikuwa amemziba mdogo mdomo kwa kiganja ili asilie. Hao watu waliondoka wenyewe walipotaka kuondoka. Hakuna aliyekamatwa hadi leo. Tangu usiku ule sihitaji kuelezwa na mtu yeyote kwa nini nina bunduki.

Jirani yangu ni mzee wa Kikongo kutoka Fizi. Nilipomsomea muswada alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, kule kwetu bunduki zilikuwa kwa wao tu. Sisi tulikuwa na majembe." Hakuongeza kitu. Mzee huyo hana hata bastola na wala hataki kuigusa, lakini alinielewa kuliko seneta yeyote.

Na sisi Watanzania tunajua kibali maana yake nini. Nyumbani ukitaka kumiliki bastola unaanzia serikali ya mtaa, unapita kamati za ulinzi na usalama, na katikati ya safari hiyo kuna mtu mmoja mwenye muhuri ambaye akiamka vibaya faili lako linalala. Sisemi masherifu wa hapa ni hivyo. Ila nasema haki ikishategemea kadi ya mtu, mwenye kadi ndiye mwenye haki. Kaunti moja sherifu ataharakisha, nyingine utaambiwa rudi wiki ijayo. Na mtu mwenye jina kama langu na lafudhi kama yangu anaijua ile "rudi wiki ijayo".

Simtukani Seneta Tom Sullivan aliyeuleta muswada huu. Mwanawe Alex aliuawa ndani ya ukumbi wa sinema pale Aurora, 20 Julai 2012, siku aliyokuwa anatimiza miaka 27. Watu 12 walikufa usiku ule. Muuaji alikuwa na magazini ya duara ya risasi 100, na ilipokwama kuna watu walipona. Mimi ni baba, siwezi kumwambia yule mzazi kwamba ukubwa wa magazini si kitu. Ningekuwa yeye huenda ningekuwa nasimama pale pale anaposimama.

Lakini tazameni mji wa Boulder, hapa hapa Colorado. Machi 2021, watu 10 waliuawa kwenye duka la chakula. Sheria ya magazini ilikuwa na miaka karibu minane. Muuaji alikuwa na magazini za risasi 30, marufuku kabisa, na mwaka 2024 alipotiwa hatiani, makosa ya kumiliki magazini hizo yalikuwa sehemu ya mashtaka. Yaani sheria ilifika kuhesabu magazini baada ya maiti kuhesabiwa. Pesa na nguvu zingeelekezwa kwa wale wanaouza vipande kinyemela, na kwa mahakama kuondoa silaha kwa mtu ambaye ndugu zake wenyewe wanamwogopa, ningekuwa wa kwanza kuunga mkono. Badala yake wamemchagua anayeonekana, mwenye anwani, mwenye risiti, ambaye tayari alichunguzwa na wapelelezi wa jimbo aliponunua.

Sasa lile la wageni nililosema nitarudi. Wenye grini kadi, sikilizeni vizuri. Kisheria mnaruhusiwa kumiliki bunduki, wengi hamjui. Lakini sheria ya uhamiaji ya shirikisho imeyataja makosa ya silaha kuwa sababu ya kumfukuza mtu nchini. Kama kosa la magazini linaingia humo au haliingii, hayo ni mabishano ya mawakili, na wakili analipwa kwa saa. Magazini nyingi hazina namba, hazina jina. Rafiki yako akihama akakuachia sanduku la vifaa vyake, ukakutwa na moja ya 20 chini ya nguo, utasemaje ilikuwa yako kabla ya Julai 2013 wakati mwaka ule ulikuwa bado uko Mwanza? Mdogo wangu ana miaka 22, ameshinda bahati nasibu ya viza, ana mwaka mmoja hapa. Anapenda kwenda na mimi kulenga shabaha Jumapili. Nimemwambia asiguse begi la mtu mwingine yeyote, hata kumsaidia kulibeba. Mzungu akikosea atalipa faini, atarudi nyumbani kwake. Mdogo wangu akikosea, nyumbani kwake kunaweza kuwa kumebadilika.

Walioandika muswada hawakumfikiria kijana huyu hata kidogo. Nimepitia kurasa zote nikitafuta.

Muswada ulipokuwa bado bungeni, mwakilishi wangu nilimpigia simu mara mbili, nikaacha ujumbe, nikaandika na barua pepe. Ushahidi wa wananchi kwenye kamati unajiandikisha mtandaoni, hulipi kitu, wanakupa dakika chache za kuzungumza, na unaweza kuzungumza kwa mbali kama huwezi kufika. Si lazima uwe raia. Si lazima Kiingereza chako kinyooke. Mimi wakati ule niliomba ruhusa kazini, tayari kukosa mshahara wa siku hiyo ili niende. Mke wangu alisema atakuja, aeleze mwenyewe zile dakika 40. Walioko Colorado mnaoguswa na hili, andikeni hapa chini mko kaunti gani, tupangane.