Eti nikachukue dawa "nilikonunua ugonjwa"!

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Yule GP wetu (daktari wa familia) hapa Uingereza, watu wa mtaa huu mnamjua, yule ambaye hata uende na mguu mkononi atakuandikia panadoli, leo kanitukana mbele ya mwanangu.

Mtoto tulimpima ADHD (tatizo la kutotulia na kukosa umakini) kliniki binafsi, maana kwa foleni ya NHS, huduma ya afya ya serikali, zamu yake ingefika ana ndevu. Mtaalamu kampandishia dozi taratibu mpaka ikamkaa. Presha, mapigo ya moyo, uzito, vyote vizuri. Shuleni anatulia. Mtaalamu akaandika barua: GP aendelee kutoa cheti cha dawa, yeye abaki msimamizi. Basi! Bwana mkubwa kaisukuma barua kwa kidole: "Kachukueni dawa huko mlikonunua ugonjwa."

Mlikonunua ugonjwa! Na mtoto anasikia! Dawa ya NHS kwa mtoto wa chini ya miaka 16 ni bure, huyu anataka nilipie cheti na vidonge kila mwezi. Ugonjwa unauzwa duka gani?

Mzee wa Midlands: Mkuu, kugawana matibabu na mtaalamu ni hiari ya GP. Hata chama chao, BMA, kinasema wanaweza kukataa. Dawa zenyewe zinadhibitiwa kisheria, akisaini mzigo ni wake.

Mleta uzi: Akatae kwa adabu! Hiyo hiari ndiyo inamruhusu kumwambia mtoto kanunua ugonjwa?

Bi Kiroboto: Pauni za kupimia ulizipata, za dawa zimeishia wapi? Pole tajiri 😂

Njiwa Manga: Mimi nilipitia Haki ya Kuchagua, yaani mgonjwa anachagua kliniki mwenyewe, NHS yenyewe ikalipia vipimo. GP kakataa vilevile. Kliniki nayo inasema kazi yake imeisha. Mtoto yupo katikati kama mpira.

Kobe: Nyie mnalilia cheti. Mwaka 2023 cheti ninacho, nazunguka maduka ya dawa hakuna kidonge, nchi nzima!

Mzee wa Midlands: Afadhali vidonge. Mimi jino linaniua, daktari wa meno wa NHS hapatikani.

Bi Kiroboto: Meno usiseme. Shemeji yangu kang'olewa Nairobi akiwa likizo.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada! MLIKONUNUA UGONJWA!

Kobe: Tumekusikia mkuu. Bi Kiroboto, huyo wa Nairobi anatoza bei gani?